Klabu za Sekondari kwa Macho ya Mzazi Aliyelipa Michango kwa Miaka Saba

Mwanangu wa kwanza alirudi nyumbani wiki ya pili ya kidato cha kwanza akiwa na karatasi yenye majina ya klabu 9, karibu zote zikiwa na kiasi cha mchango pembeni, akatuomba mimi na baba yake tumsaidie kuchagua. Tulimwambia ajiunge na ile isiyo na mchango. Imenichukua miaka saba, pamoja na mtoto wa pili aliyepita katika shule ileile, kujua tulipokosea: tulidhani klabu zote ni kitu kimoja kilichopewa majina tofauti, kwa hiyo tukachagua kwa bei.

Shule yenyewe ni ya serikali, ya kutwa, katika mji mmoja wa mwambao wa Tanzania, na sitaitaja. Katika tathmini hii nitafuata utaratibu mmoja: panapostahili sifa nitataja jina la klabu, na panapostahili lawama nitasema tu "klabu moja", kwa kuwa makosa niliyoyaona yalitoka kwa watu wachache wa shule moja na hayakutoka kwa taasisi zilizoazimisha majina yao. Mzazi mwenzangu atakayeyasoma haya akiwa na karatasi kama ile mkononi ndiye niliyemkusudia.

Nianze na muda, kwa sababu ndicho kitu ambacho karatasi ya majina haikisemi. Ratiba inaonyesha kwamba kila Jumatano, kuanzia saa nane na nusu mchana hadi saa kumi, ni wakati wa klabu. Kwa hesabu ya ratiba, mwanafunzi angepata Jumatano zisizopungua 30 kwa mwaka. Kwa hesabu ya mwanangu, aliyekuwa na mazoea ya kuandika tarehe za mikutano nyuma ya daftari lake la hisabati, mwaka wake wa pili ulikuwa na mikutano 12. Januari huliwa na mapokezi ya kidato cha kwanza, Juni kuna likizo, na ikifika Septemba kidato cha pili na cha nne hufungiwa katika masomo ya ziada, maana mitihani yao ya taifa huwa Novemba. Kwa kuwa hao ndio wanaoijua kazi, klabu hubaki mikononi mwa wadogo wasiojua hata ufunguo wa stoo anao nani. Mzazi anayelipa mchango wa mwaka mzima ajue kwamba ananunua miezi sita, tena akibahatika.

Klabu iliyoniridhisha kuliko zote ni ya Msalaba Mwekundu, aliyojiunga nayo binti yangu. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na vijana wake wa shuleni wengi wetu tunawajua kwa kusimama pembeni mwa uwanja siku za michezo, begi la huduma ya kwanza likiwa begani. Nami nilidhani kazi yao inaishia hapo. Kumbe mwaka mzima wa kwanza binti yangu hakuruhusiwa hata kuligusa begi hilo. Mlezi wao aliwafundisha kwanza kutumia vitu vinavyopatikana nyumbani: kanga ikunjwe kwa pembe tatu ibebe mkono ulioumia, mwiko na kipande cha boksi viwe gango, na shuka mbili zikiviringwa kwenye miti ziwe machela. Kwa wiki kadhaa hakuna mtu aliyekaa sebuleni kwetu bila kufungwa mkono, na kaka yake alifikia hatua ya kudai alipwe kwa kazi ya kuwa mgonjwa.

Faida yake niliiona mwaka jana, mtoto wa jirani alipomwagikiwa na uji wa moto mkononi. Mama yake alikuja mbio na dawa ya meno, kama ambavyo mama yangu angefanya na kama ambavyo mimi mwenyewe nimewahi kufanya. Binti yangu akamwambia kwa upole, "Samahani mama, tusimpake kitu kwanza." Bomba lilikuwa kavu siku hiyo, kwa hiyo akavuta ndoo ya maji, akaukalisha mkono wa mtoto juu ya beseni na kuanza kuumwagia kwa kopo, taratibu, bila kukoma, huku simu ikihesabu dakika 20 juu ya stuli. Dakika 20 ni ndefu mno mtoto anapolia. Ilipofika ya tano jirani alitaka kumchukua mwanawe. Ilipofika ya kumi mtoto mwenyewe alikuwa amenyamaza na anayatazama maji. Baadaye mkono ulifunikwa kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, malengelenge yakaachwa bila kutumbuliwa, na safari ya zahanati ikaanza. Muuguzi hakuwa na kazi ya kubandua dawa ya meno iliyokauka juu ya kidonda.

Mfano mwingine ni mdogo, lakini umebadilisha desturi ya nyumba yangu. Sisi sote tulilelewa kwamba mtu akitokwa na damu puani aangalie juu. Binti yangu anamwinamisha mbele kidogo, anambana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 na kumwambia apumue kwa mdomo, kwa sababu anayeangalia juu huimeza damu yake na huenda akatapika. Bibi yake bado hajakubali, ila ameacha kubishana. Upungufu pekee ninaoweza kuuandika unahusu shule na hauhusu mafunzo: begi la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji mbili na mkasi usiokata, na kila ilipoombwa fedha ya kulijaza, jibu lilikuwa kwamba bajeti imekwisha.

Skauti ndiyo klabu ambayo kila mtu anaamini anaijua, kwa kuwa ndiyo inayowavisha wageni rasmi skafu na ndiyo inayosimama kwenye jua katika sherehe za kitaifa. Historia yake wengi tumeisikia: Baden-Powell aliwapeleka wavulana kambini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya. Jambo ambalo mwanangu alilileta nyumbani kutoka kwenye somo hilo, nami nikalipenda, ni kwamba jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huchora njiani kuwaambia wenzao "nimekwenda nyumbani". Kwa muda mrefu baada ya hapo, tulipomtafuta na kumkosa, tulikuta duara na nukta kwenye vumbi la mlangoni.

Alijiunga akiwa kidato cha pili, baada ya kuiacha ile klabu ya bure ambayo haikuwahi kukutana. Mafanikio yake nayapima kwa mambo ya kawaida: anaamka bila kuitwa, anaweza kuwasha moto wa kuni mbichi, na amewahi kupika wali wa watu 40 juu ya mafiga bila kuuacha mbichi juu na kuuunguza chini, jambo ambalo mashangazi zake kadhaa hawaliwezi. Kwa upande wa gharama, mzazi ajiandae. Shati, suruali, skafu, mkanda na kofia, ukichanganya na nauli na chakula cha kambi, vinazidi michango ya klabu nyingine zote zilizokuwa kwenye karatasi ile. Nashauri kutafuta sare ya kurithi kutoka kwa waliomaliza kidato cha nne. Mwanangu alivaa ya mtoto wa binamu yangu, na mikono mirefu aliyoikunja miaka miwili ya mwanzo ilimtosha vizuri mwaka wa mwisho.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyetuonya. Skauti hupeana mkono wa kushoto kwa salamu. Mtoto alipofika likizo kwa bibi yake na kwa bashasha kunyoosha ule wa kushoto, bibi aliutazama kwanza huo mkono, kisha akamtazama yeye, akamwambia aende akanawe na arudi na adabu zake. Ilinibidi nipige simu kueleza.

Klabu za mazingira zilikuwa mbili, Malihai na Roots & Shoots, na wanafunzi walizitofautisha kwa shida. Malihai ni za nyumbani kabisa. Zilianza mwaka 1980, na jina lenyewe, mali iliyo hai, linaeleza shabaha yake bila kuhitaji kamusi. Wazo la klabu za wanyamapori shuleni lilikuwa limekwisha kuota kwa majirani zetu wa Kenya tangu mwaka 1968. Roots & Shoots nayo, ingawa jina ni la Kiingereza na leo ipo katika nchi nyingi duniani, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walipokutana barazani kwa Jane Goodall, yule mtafiti aliyefika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe na aliyefariki Oktoba 2025. Kanuni yao ni kwamba kila kundi lifanye kitu kwa ajili ya watu, kitu kwa ajili ya wanyama na kitu kwa ajili ya mazingira, tena wanafunzi wenyewe wakitazame kijiji chao na kuamua ni kitu gani.

Nikiri kwamba sikuwa na imani na klabu za aina hii, na sababu ni miti. Klabu moja ya shule yetu ilipanda miche kila mwaka tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, mbele ya mgeni rasmi, wapiga picha na risala. Yeyote aliyekulia pwani anajua kwamba mwanzoni mwa Juni masika yamekwisha au yanamalizia, na kwamba mvua ya maana itakayofuata ni ya vuli, Oktoba huko. Katikati kuna likizo, ambapo hakuna mwanafunzi wa kumwagilia. Mwaka mmoja nilipita shuleni mwishoni mwa Julai kuchukua ripoti ya mtoto, nikakuta mashimo yamepangwa kwa mstari ulionyooka vizuri sana, kila shimo na kijiti kikavu ndani yake, na kibao chenye jina la mgeni rasmi kikiwa ndicho kitu pekee kilichosimama wima. Mwaka uliofuata mashimo yaleyale yalifukuliwa upya kwa sherehe ileile. Walezi wa klabu hiyo hawakuwa wajinga. Kalenda ya wageni ndiyo iliyokuwa ikiwatawala.

Roots & Shoots walinibadilisha mawazo kwa kazi ya mikoko. Mlezi wao, mwalimu wa baiolojia, alikataa kuanza kwa kupanda. Alianza kwa kuomba kibali ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, maana misitu ya mikoko ni hifadhi na huingii tu na jembe lako, kisha akawapeleka wanafunzi kwa mzee mmoja mvuvi ili awaeleze ufukwe. Mzee hakuzungumza habari za tabianchi. Aliwatembeza kutoka majini kwenda nchi kavu wakati wa maji kupwa na kuwaonyesha kwamba kati ya miti ya msitu huo mlilana ndio unaotangulia baharini, mikoko yenyewe inafuata nyuma yake kwenye tope laini, kisha misinzi na mikandaa, na huko juu kwenye ardhi inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake wanakuta mchu. Ndipo wakaelewa kwa nini miche iliyowahi kupandwa na watu wengine kwenye mchanga mtupu wa mbele ilizolewa na mawimbi ndani ya mwezi: iliwekwa pahali ambapo mkoko haujawahi kukaa kwa hiari yake.

Kazi yenyewe ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikarefuka kama rungu jembamba la kijani, na ikishakomaa huanguka. Unaiokota, unaichomeka kwenye tope kwa kadiri ya theluthi ya urefu wake, unaacha mwanya wa hatua moja, unachomeka nyingine. Hakuna kitalu wala kumwagilia. Kinachochosha ni tope la magotini na saa ya kupwa, ambayo haijui ratiba ya shule: mara mbili walilazimika kwenda Jumamosi alfajiri, na mara hizo ndizo zilizonionyesha nani ni mwanachama na nani alijiandikisha kwa ajili ya cheti. Binti yangu, ambaye alikuwa akiwafuata kwa niaba ya Msalaba Mwekundu kuwaosha na kuwafunga waliokatwa na magamba ya chaza, alirudi ananuka tope kwa siku mbili. Nilikwenda mwenyewe baada ya mwaka na nusu. Si miche yote iliyoshika, lakini iliyoshika ilikuwa na majani mapya na mizizi ya pembeni imeanza kushuka.

Klabu ya Wapinga Rushwa, iliyo chini ya ulezi wa TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, naipa sifa kwa sababu ambayo huenda waasisi wake hawakuitarajia. Kwa miezi mingi sikuona wanachofanya zaidi ya ngonjera na mabango. Kisha klabu moja nyingine ikakusanya shilingi 15,000 kwa kila mwanachama kwa ajili ya fulana, na fulana zikawa zinakuja wiki ijayo kwa miezi saba. Wazazi tulinung'unika kwenye kundi la simu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aandike barua. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, katibu wa Wapinga Rushwa, ndiye aliyesimama katika baraza la wanafunzi na kuuliza kwa heshima zote: "Shikamoo mwalimu. Tunaomba kuona stakabadhi." Fulana zilifika baada ya wiki mbili. Zilikuwa za saizi moja tu, lakini zilifika.

Kuhusu Interact sina mengi, kwa kuwa ilianza binti yangu akiwa kidato cha nne. Ni klabu ya vijana wa miaka 12 hadi 18 inayolelewa na klabu ya Rotary, chama cha watu wazima wa kujitolea, ya eneo husika. Ya kwanza duniani ilianzishwa mwaka 1962 katika shule moja ya sekondari huko Melbourne, Florida, na masharti yake yanadai angalau miradi miwili kila mwaka, mmoja wa kusaidia shule au jamii na mwingine wa kukuza maelewano kati ya mataifa. Faida yake ni kwamba kuna watu wazima nje ya shule wanaouliza mradi umefikia wapi. Inafaa zaidi palipo na Rotary hai mjini. Pasipokuwepo, sijui nani angeuliza.

Hayo yananipeleka kwa mlezi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa baada ya miaka saba ndiye ninayemtazama kabla ya jina la klabu. Mwalimu mlezi halipwi kwa kazi hiyo. Ana vipindi vyake, ana madaftari ya kusahihisha, ana zamu, na mara nyingi hupewa klabu kwa sababu ni mgeni shuleni na hakuwa na wa kumsemea katika kikao. Mwalimu wa Msalaba Mwekundu na yule wa mikoko walikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawakuwa nacho: daftari la kumbukumbu lililoandikwa na katibu mwanafunzi, lenye tarehe, waliohudhuria, kilichofanyika, fedha iliyoingia na iliyotoka. Nililiomba la Roots & Shoots nikalisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Ukurasa mmoja ulisema, "Tumepanda 60. Tumehesabu za mwezi uliopita, zimebaki 41. Kaa wamekula nyingi. Mzee amesema tuchome mbegu ndefu zaidi." Sijawahi kusoma risala ya mahafali iliyonipa habari nyingi kiasi hicho.

Klabu nyingine nilipoomba daftari niliambiwa liko kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akasema liko kwa katibu. Katibu alikuwa amehamia Morogoro.

Mlezi wa Msalaba Mwekundu alihamishiwa wilaya nyingine mwishoni mwa mwaka jana. Nilipomuuliza binti yangu klabu itakuwaje, aliniambia kwamba mwalimu, kabla ya kuondoka, aliwachagua wasichana wawili wa kidato cha pili na kuwafundisha wao kufundisha, na kwamba Jumatano tatu za mwisho alikaa nyuma ya darasa bila kusema neno huku hao wawili wakiongoza. Sijui kama alitumwa au alibuni mwenyewe. Wizarani hakuna anayempa nyota mtu kwa kazi kama hiyo, kwa hiyo nampa mimi: nyota tano, na gharama yake yote kwa miaka minne ya binti yangu haikufikia bei ya ile fulana.

Mdogo wao anaingia kidato cha kwanza Januari ijayo, na karatasi ya majina itakuja tena mezani. Safari hii sitaisoma nyumbani. Nimekwisha kuomba ruhusa kazini kwa Jumatano ya pili ya Februari, siku ambayo hakuna mgeni rasmi, wala mahafali, wala kikao cha wazazi, na saa nane na nusu nitakuwa kwenye benchi lilelile nje ya ofisi ya walimu, nikihesabu milango ya madarasa itakayofunguliwa.